Mtungi wa Tekila Ukweni Msangano

Msangano wako watu ambao mpaka leo wakiniona nakuja njiani huficha vikombe vyao mgongoni, wanacheka, nami nawaacha wacheke, kwa sababu walichokiona walikiona kwa macho yao na sina la kupinga. Aibu hii ni yangu na nimeamua kuisimulia mwenyewe, maana nimeisikia ikisimuliwa Itaka, na kule milimani Itumba nimeisikia tena kutoka kwa mtu ambaye siku ile hakuwepo, naye kaongeza nyoka ndani ya mtungi. Nyoka hakuwemo. Afadhali angekuwemo, ningepata wa kumlaumu.

Ilikuwa zama za Mwingereza, vita kuu ya pili imekwisha, na mimi nimerudi Tunduma kutoka Tanga nilikokwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. (Sikukaa sana Tanga. Sikai sana popote. Hata shule niliiacha darasa la tatu, kwa sababu nilikuwa naziona barabarani lori zikipita na nikawa najiuliza zinakwenda wapi, na mwalimu hakuwa na jibu.) Kule Tanga nilikuwa kwenye kamba za kuanikia katani, lakini kila nikipata nafasi nilikwenda kwenye mashine kumsumbua fundi mmoja Mgiriki, mtu aliyewahi kuwa baharia, kwa maswali. Alikuwa na chupa tupu aliyokuwa akiwekea mafuta ya mashine, ina karatasi ya maandishi ubavuni, nami siwezi kuona maandishi nikanyamaza. Nikamuuliza hili ni neno gani.

Akanieleza habari nzima. Kwamba kuna nchi inaitwa Meksiko, na ndani yake kuna mji mdogo chini ya mlima uliowahi kutema moto, mji huo unaitwa Tequila, na wenyeji wa pande zile tangu kale wanaukata mmea ulio ukoo mmoja na huu mkonge wetu, wanatoa moyo wake, dude kubwa kama nanasi la jitu, wanauchoma shimoni juu ya mawe ya moto mpaka unakuwa mtamu, wanautwanga, wanaacha maji yake yachachuke. Walipokuja Wahispania wakaongeza ujuzi wa kuchemsha na kuukamata mvuke. Ndiyo tekila hiyo, pombe iliyorithi jina la mji. Na mkonge wenyewe, akasema, ulitoka pande hizohizo, miche yake ililetwa Tanganyika na Mjerumani. Nilikaa na habari ile usiku na mchana kama mtu aliyepewa mali. Tena akanifundisha kwamba Kiingereza kinaanza jina la mji kwa herufi kubwa, lakini jina la pombe kwa herufi ndogo. "Mji una heshima yake," alisema, "pombe haina." Hilo nalo nikalitia akilini.

Sasa, Nambeye. Alikuwa binti wa Mzee Simbeye wa Msangano, nilimwona Tunduma alipokuja na shangazi yake kuuza karanga, nami nikanunua karanga ambazo sikuzihitaji. Ni msichana wa kutazama kwanza ndipo aseme, na akikutazama unajisikia unapimwa. Baba mdogo wangu Esau alikubali kuwa mshenga, akaenda, akarudi, akaenda tena, mambo yakakaa vizuri, ikabaki pombe tu.

Na pombe ya ukweni huko kwao si kinywaji, ni shauri. Inapikwa kwao kijana, mtungi unazibwa mdomo kwa majani na udongo, na hakuna anayeruhusiwa kuufungua wala kuonja mpaka ufike mbele ya wakwe, maana mtungi uliovunjwa muhuri ni matusi. Ukifunguliwa, kijana anakunywa wa kwanza mbele ya watu, kuonyesha kwamba hakuna ubaya ndani. Kisha binti anapewa kata ya kibuyu yenye pombe, anapiga magoti mbele ya baba yake. Akinywa na kumpa baba kata ile, amekubali, na kwa kikwetu hapo ameshaolewa, mengine ni sherehe. Lakini kata ikimponyoka mkononi ikaanguka, shauri limekufa, mnabeba mtungi wenu mnarudi.

Kosa langu lilianza kwa neno moja. Kaka yake Nambeye, Mwalimu Yohana, aliyekuwa anafundisha shule ya misheni, alikuja Tunduma kununua mafuta ya taa, akanikuta kwenye kivuli cha duka nikiwasimulia watu habari za Tanga. Nikasimulia na ile ya tekila, mji, mlima, mashimo ya mawe, watu wameacha midomo wazi. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na wewe, Bwana Tanga, kuipika unajua?"

Ningesema nimesikia tu. Ndiyo ilikuwa kweli, na hakuna ambaye angenicheka. Lakini macho yote yalikuwa kwangu.

"Sana," nikasema.

"Basi shemeji, usituletee ulezi kama kila mtu. Tuletee hiyo. Baba atafurahi kuona mkwe aliyetembea dunia." Na kabla sijapata pa kutokea alikuwa amepanda baiskeli yake, na kabla ya Jumapili Msangano nzima ilikuwa na habari kwamba Sichalwe, yaani mimi, anakuja na pombe ya Meksiko.

Mama alikuwa ameshaloweka ulezi. Nilipomwambia hautahitajika alinitazama kama mgonjwa. "Mwanangu," akasema, "ukweni hapapelekwi kitu cha kujaribia." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nimefika Tanga. (Kana kwamba Tanga ni dawa.)

Mkonge niliupata kwenye wigo wa shamba moja la kahawa lililoachwa na mlowezi, njia ya kwenda Mbozi. Nikakata, nikachimba shimo, nikapanga mawe, nikachoma mioyo yake mpaka ikawa laini, na kusema haki, ilikuwa mitamu kama viazi vitamu vilivyosahauliwa kwenye majivu. Nikatwanga, nikatia maji na kimea alichokuwa nacho mama, nikaacha ichachuke. Habari ya kukamata mvuke niliiruka, kwa sababu kupika pombe ya moshi kulikuwa kunampeleka mtu bomani, nikajiambia mvuke ni madoido ya Wahispania.

Balaa ni kwamba siku ya safari ilipofika mtungi ulikuwa haujafika hata nusu. Nusu mtungi ukweni! Hiyo nayo ni matusi. Baba mdogo alikuwa ameshaitaja siku kwa wazee na siku haikuwa ya kusogezwa, kuchoma mingine hakuna muda, basi nikafanya nini? Nikaimenya mioyo mingine mibichi, nikaitwanga vilevile, nikaikamua mtungini mpaka ukajaa shingoni. Tanga niliwaona wakata mkonge wakijikuna mikono mpaka damu, nililijua jambo hilo, lakini nikajiambia pombe ikichachuka huua makali yote. Nikaziba mdomo kwa majani na udongo. Kisha nikachukua chokaa, nikaandika ubavuni mwa mtungi: Tequila. Kwa herufi kubwa ya mwanzo. Nilikuwa nakumbuka vizuri aliyosema yule fundi, ila nikaona kupeleka herufi ndogo kwa wakwe ni dharau.

Tuliufunga mtungi kwenye baiskeli ya baba mdogo, yeye anashika usukani na mimi nasukuma nyuma, tukalala kwa jamaa njiani, na asubuhi ya pili ndipo mikono yangu ilipoanza. Kwanza katikati ya vidole, kisha viganja, kisha mpaka kwenye viwiko, muwasho ambao ukiukuna unakushukuru na kuzidi.

"Mbona unajikuna?" akauliza baba mdogo bila kugeuka.

"Mbu."

"Mbu? Jua hili?"

Nikasukuma kwa nguvu zaidi. Nilikuwa nautazama ule mtungi ukitikisika mbele yangu, na udongo wa mdomoni umekauka vizuri, na nikawa nasema moyoni, nivunje nionje, nivunje nionje. Nikivunja, tunafika na mtungi uliovunjwa na shauri limekufa. Nisipovunja, najua nini? Labda ni mikono tu. Labda ndani mle imetulia. Nilisema labda nyingi mpaka nyumba za Msangano zikaonekana.

Watu walikuwa wamejaa uani. Mwalimu alikuwa amefanya kazi yake, walikuja hata wasiohusika, na vijana wamekaa juu ya kinu. Baba mdogo, ambaye ana ndugu wengi ng'ambo ya mpaka na akiwa mbele ya wakubwa hupenda maneno ya huko, akainama akapiga makofi, akasalimu kwa heshima, "Mwapoleni mukwai," Mzee Simbeye akaitikia, tukakaa mkekani, mtungi ukawekwa katikati juu ya ngata. Nambeye alikuwa amekaa na shangazi yake, macho chini. Nilificha mikono yangu chini ya mapaja na nikawa naisugua mkekani taratibu.

Mzee akavunja udongo mwenyewe. Akanusa. Akasema, "Harufu ngeni," na watu wakasema eeeh, kwa furaha. Shangazi akachota kwa kata, akaniletea mimi, wa kwanza.

Nikanywa funda kubwa, kama desturi inavyotaka, maana funda dogo linaonyesha hofu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Namshukuru Mungu kwa kile kitambo kidogo, kwa sababu niliona uso wa Mzee ukitabasamu na nikatabasamu. Kisha ulimi ukaanza kuchomwa, sindano moja, sindano nyingi, zikahamia kwenye ufizi, zikashuka kooni, nikasikia midomo yangu inakua. Kutema siwezi. Atemaye pombe yake mwenyewe ukweni ametangaza sumu kwa kinywa chake. Kukohoa siwezi. Nikameza, machozi yakanijaa, na bibi mmoja nyuma akasema, "Tazameni, analia kwa furaha, ana mapenzi huyu."

Kata ikachotwa tena. Ikapewa Nambeye. Akasogea, akapiga magoti mbele ya baba yake, akaiinua kwa mikono miwili.

"Ngojeni kidogo," akasema Mwalimu Yohana.

Alikuwa ameinama kwenye mtungi anasoma, kidole kinafuata herufi. Nambeye akasimamisha kata kifuani. Nilitaka kumshukuru Mwalimu kwa kumchelewesha, nikafungua mdomo niseme jambo, lolote lile, ili asinywe, na ulimi haukugeuka. Ulikuwa umejaa mdomo mzima kama kitu cha mtu mwingine.

"Shemeji, nani alikufundisha kuandika?" akauliza Mwalimu. "Herufi kubwa kwa Kiingereza ni ya mwanzo wa sentensi, na jina la mtu, na jina la mahali. Hii ni pombe. Pombe ni mtu?"

Watu wakacheka.

"Au ni mahali? Tumeletewa mji humu ndani?"

"Tutaunywa mji!" akasema kijana mmoja juu ya kinu. "Mimi nipewe sokoni!"

Jibu nilikuwa nalo! Katika maisha yangu yote ya kuulizauliza, hiyo ndiyo mara moja tu niliyoulizwa swali na mwalimu na jibu ninalo kamili, mji, mlima, Wahispania, herufi kubwa na herufi ndogo, na sikuwa na ulimi wa kulitoa. Nikatoa sauti moja ya puani. Mwalimu akageukia watu akasema, "Ameshindwa," kwa upole, kama darasani, kisha akamwambia dada yake, "Haya, endelea."

Nambeye akainua kata.

Nikamtazama baba mdogo, naye ananikonyeza kwa furaha. Nikamtazama Mzee, mkono wake umeshanyooshwa kupokea. Nikawaza, mimi ni mtu mzima na koo langu linafunga, huyu binti itakuwaje, na baba yake mwenye umri ule itakuwaje. Na nikawaza vilevile, na hili nalisema ingawa linanichoma, kwamba nikimzuia nimemkataa mbele ya kijiji chake chote, na hatakuwa wangu, na hakuna atakayenisikiliza nikieleza. Ukingo wa kata ukagusa mdomo wake wa chini.

Nikaruka. Nikaipiga kata kwa mkono.

Ilizunguka hewani, pombe ikamwagika mkononi mwa Nambeye, kwenye mguu wa Mzee na kwenye kanzu ya baba mdogo, kata ikaangukia mtungi, goti langu likaugonga, na mtungi ukalala ubavu, neno langu la chokaa likatazama juu, na karibu pombe yote ya Meksiko ikaingia kwenye vumbi la Msangano.

Kisha shangazi akapiga yowe, "Amemkataa! Amemkataa mtoto wetu mbele ya baba yake!" na vijana wakashuka kutoka kwenye kinu. Nikashikwa huku na huku. Baba mdogo Esau alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, hajui ainame au akimbie. Mzee Simbeye aliinuka polepole. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kijana," akasema, "sema."

Nikasema mmmh. Midomo yangu ilikuwa imevimba mpaka naiona mwenyewe nikitazama chini.

"Tazameni mdomo wake!" mtu akasema. "Ni sumu! Imemgeukia mwenyewe!"

"Ni sumu?" Mzee akaniuliza. Nikatikisa kichwa kwa nguvu zote. "Si sumu?" Nikaitikia kwa kichwa. Akatazama chini, kwenye mtungi, ambamo kulikuwa kumebaki kidogo tumboni. "Kama si sumu, mpeni anywe iliyobaki."

Shangazi akachota. Akaniletea mpaka puani. Nikijitoa, mimi ni mchawi, na wachawi sina haja ya kuwaambia walikuwa wanafanyiwa nini. Nikinywa, sijui kama pumzi itapita tena. Nilifungua mdomo, ningefanya nini kingine, na nilikuwa nimefumba macho niliposikia sauti ya Nambeye, ambaye katika shughuli nzima hakutakiwa kusema neno.

"Baba, asinyweshwe. Angetaka kunidhuru si angeniacha ninywe?"

Mzee akageuka kumtazama. Na hapo ndipo baba mdogo Esau, aliyekuwa akinusa kanzu yake iliyomwagikiwa na kutazama mikono yangu yenye malengelenge, alipopata akili yake yote kwa mara moja.

"Mkonge!" akapiga kelele. "Mukwai, si sumu, ni mkonge! Huyu mjinga amepika mkonge! Ndiyo maana anajikuna tangu asubuhi!"

"Mkonge upi?" Mzee akauliza.

"Wa kamba!"

"Wa kamba?"

Mwalimu Yohana, ambaye pombe hanywi kwa ajili ya misheni lakini kujua anapenda kama mimi, alichovya ncha ya kidole akaigusisha ulimini. Akasimama hivyo kidogo. Kisha akageuka akaenda kwenye mtungi wa maji bila kumuaga mtu, na siku ile hakufundisha tena.

Kicheko kilianzia kwa bibi aliyesema nalia kwa furaha. "Alitaka tunywe kamba!" Kikaenda kwa vijana. "Ningeinywa leo, kesho ningefungia mbuzi!" Walikuwa bado wamenishika, lakini sasa walikuwa wananishika ili wasianguke. Nililetewa maziwa ya mgando, nikanyweshwa na shangazi yuleyule, kwa kijiko, kama mtoto, mate yananitoka, watu wamezunguka wanatazama. Hiyo ndiyo aibu niliyoahidi kuwasimulia. Ningechagua kipigo.

Lakini Mzee hakucheka. Alinyoosha mkono watu wakanyamaza.

"Kata imeanguka," akasema. "Kwetu kata ikianguka, shauri limekwisha."

Baba mdogo akainamisha kichwa. Shangazi akaweka kijiko chini.

"Nambeye," Mzee akasema, "kata imekuponyoka mkononi?"

Alitazama kwanza, kama kawaida yake. Alinitazama mimi na midomo yangu, akatazama mkono wake uliokuwa umeanza kuwa mwekundu, akaukuna.

"Imepigwa, Baba. Mkono wangu ulikuwa umeshika."

Wazee wakalijadili hilo mpaka jua likaegemea, kata iliyoanguka na kata iliyopigwa, kama ni jambo moja au mawili, na mwisho wakasema haikuanguka, wala haikunywewa, kwa hiyo shauri limebaki lilipokuwa. Wakatuamuru turudi. Ulezi mwingine ukivunwa tuje na mtungi mwingine, umepikwa na mama yangu, na mimi nisisogee jikoni wala kuugusa moto, na baba mdogo aape kwamba sikusogea.

Nilingoja mavuno nikiwa Tunduma, na lori zilipita kwenda ng'ambo na sikupanda hata moja, jambo ambalo wanaonijua hawakuliamini. Nikaapa, na kiapo hicho ninacho bado, kwamba kitu ambacho mama yangu hajakionja sitakipeleka kwa mtu ninayemtaka, na kuhusu habari za dunia nitaendelea kuuliza, maana siwezi kuacha, lakini kupika nitawaachia wenyewe.

Mtungi wa pili haukuandikwa kitu. Mzee akavunja udongo, nikanywa wa kwanza, pombe ya ulezi ya mama, laini, nayo ikapita kooni bila neno. Kata ikachotwa, ikapewa Nambeye. Akapiga magoti mbele ya baba yake, akaiinua, na hakunywa. Akageuka akanitazama mdomo. Alitazama mpaka nikaanza kujishika midomo kuhakikisha kama bado ni yangu.

Kisha akaninyooshea ile kata.

"Kunywa tena," akasema.

Nikanywa tena. Akangoja. Ndipo akachukua kata mikononi mwangu, akanywa, akampa baba yake.